Hans Wilsdorf, Yatima Aliyetuachia Saa za Kurithi

Mwenyeji wangu mmoja kule Marani, katika vilima vya Kisii, alinitolea saa ya mkono aliyoachiwa na marehemu babake. Usoni imeandikwa Tudor, na juu ya jina hilo pana waridi dogo. Kidude cha kutilia ufunguo kina alama ya taji, na nyuma limechorwa jina la Rolex. Fundi mmoja alikwisha kumwambia kwamba ni saa ya bandia, imeungwaungwa kwa vipande vya saa mbili, na nduguze walikuwa wamekubaliana iuzwe kwa bei ya chuma. Nikamsihi angoje. Fumbo lile hufumbuliwa na maisha ya mtu mmoja, naye ni Hans Wilsdorf.

Alizaliwa tarehe 22 Machi 1881 katika mji wa Kulmbach, Bavaria, nchini Ujerumani. Babake alikuwa na duka la vyuma. Hans alipofika umri wa miaka 12 alikuwa amekwisha fiwa na wazazi wote wawili. Walezi wake katika ukoo wakaliuza duka, na fedha zikaenda katika masomo ya watoto. Sisi tuliofunzwa chuoni tangu utotoni jinsi mali ya yatima ilivyo moto, tutataka kujua kama alidhulumiwa. Mwenyewe uzeeni hakuwalaumu. Alisema kukosa pa kuegemea ndiko kulikomfunza kusimama peke yake. Lakini duka la baba halikurudi.

Mwaka 1900 alikuwa La Chaux-de-Fonds, Uswisi, akiandika barua za Kiingereza za kampuni iliyosafirisha saa ng'ambo. Kila siku alitia ufunguo mamia ya saa za mfukoni na kuangalia kama zinakwenda sawa. Mwaka 1903 akaenda London, na 1905, akiwa na umri wa miaka 24, akafungua biashara yake pamoja na Alfred Davis.

Zama hizo saa ya mkono ilihesabiwa kuwa pambo la wanawake. Mwanamume wa heshima alitia saa yake mfukoni, na mnyororo ukaning'inia kifuani. Mafundi nao walishikilia kwamba mtambo mdogo namna ile hauwezi kushika majira kwa dhati. Wilsdorf akabisha. Mwaka 1908 aliandikisha jina la Rolex, neno fupi ambalo kila ulimi hulitamka. Mwaka 1914 saa yake ndogo ya mkono ikapimwa siku 45 katika kituo cha Kew, Uingereza, ikapata cheti cha daraja la kwanza. Vita vilipozuka, askari wa mahandakini hawakuwa na nafasi ya kupapasa mifuko, na saa ya mkono ikawa ya wanaume.

Baada ya vita alihamia Geneva. Mwaka 1926 akatoa saa isiyoingia maji wala vumbi, akaiita Oyster, yaani chaza, kwa jinsi ilivyofumba. Mwaka uliofuata mwogeleaji Mercedes Gleitze aliivaa shingoni katika mlango wa bahari wa Uingereza na Ufaransa. Baridi ilimshinda baada ya saa kumi na zaidi, akaopolewa; saa ilikuwa bado yaenda.

Na ule ule 1926 jina la Tudor likaandikishwa kwa ajili yake. Alitaka saa ya bei nafuu kuliko Rolex lakini ya kutegemewa vilevile. Kasha na taji vikatoka Rolex, mtambo ukanunuliwa kwingine. Waridi lile ni nembo ya wafalme wa Tudor wa Uingereza. Basi majina mawili katika saa moja hayakutosha kuihukumu ile ya Marani.

Mkewe alifariki mwaka 1944, nao hawakujaliwa mtoto. Mwaka uliofuata akaanzisha taasisi yenye jina lake na kuikabidhi kampuni. Kwa macho ya mtu wa pwani, jambo hilo lafanana sana na wakfu: mali imefungwa, na sehemu ya pato yaenda katika kheri. Mimi naliona duka la Kulmbach nyuma ya uamuzi huo. Alifariki Geneva tarehe 6 Julai 1960, na hadi leo taasisi hiyo ndiyo mwenye Rolex.

Tulipoutoa mkanda wa saa ya Marani, tulikuta tarakimu pande zote mbili za kasha, palipokuwa pamefunikwa. Hizo ndizo za kumwonyesha fundi mjuzi, pamoja na mtambo wa ndani, kabla ya kutaja bei. Nilimwambia asikubali uso wake upakwe rangi upya, wala akrabu zisikwanguliwe, kwani rangi ing'aayo gizani ya saa za kale aghalabu ina sumu ya radiamu. Mafuta ya ndani hukauka, kwa hiyo isafishwe kwanza ndipo itiwe ufunguo kila siku. Na mpira wa chaza huyo umezeeka: msomaji mwenye saa kama hiyo asitawadhe nayo mkononi.

Nduguze walikuja jioni ile kuitazama. Mkubwa wao aliivaa, akaisikiliza, kisha akamrudishia.