Denis Burkitt: Daktari aliyeufuatilia uvimbe wa taya kwa watoto

Katika maeneo yenye malaria kama Katumba, mkoani Katavi, uvimbe wa taya kwa mtoto haupaswi kudhaniwa kuwa ni jino tu. Aliyeubainishia ulimwengu jambo hilo ni Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyezaliwa Ireland mwaka 1911.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya za juu na chini, pande zote mbili. Muda mfupi baadaye akamkuta mwingine Jinja. Mwaka 1961, yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari takribani kilomita 16,000, kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakipita pia Tanganyika na kuhoji hospitali moja baada ya nyingine. Ilibainika kuwa ugonjwa huo hutokea zaidi penye joto, mvua na malaria.

Sampuli zilizopelekwa London zilimwezesha Anthony Epstein na wenzake kutangaza, mwaka 1964, kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Burkitt naye alionyesha kuwa dawa huweza kuuyeyusha uvimbe ambao kisu kilishindwa kuumaliza.

Alifariki dunia mwaka 1993. Limfoma ya Burkitt ingali inawapata watoto, nayo hutibika zaidi mgonjwa anapofikishwa hospitali mapema.