Silaha za Mchezo, Mauti ya Kweli: Maisha ya Bruce Lee

Sisi tuliokuwa watoto wa Mwambao katika miaka ya 80 tulijua kuunda nanchaku kabla hatujajua kusoma gazeti. Mpini wa fagio ulikatwa vipande viwili, vichwa vikatobolewa kwa msumari uliotiwa moto, ikapitishwa kamba au kipande cha mnyororo, na kazi ikawa imekwisha. Ikifika magharibi, kila mmoja alikuwa na nundu yake kichwani, na chuoni maalim alikuwa na rundo la nanchaku alizotunyang'anya. Aliyetufunza mchezo huo tulimwona katika kitambaa cha sinema na kanda za video tu, naye wakati huo alikwisha kuwa kaburini miaka kumi na zaidi. Huyo ni Bruce Lee.

Mengi yamesemwa juu ya ngumi na mateke yake. Leo, ewe msomaji, tumtazame kwa upande usiotajwa sana, nao ni upande wa silaha za mchezo: namna zinavyoundwa, na namna zilivyoiingilia nyumba yake.

Bruce Lee alizaliwa San Francisco, Marekani, tarehe 27 Novemba 1940. Babake, Lee Hoi-chuen, alikuwa mwigizaji wa tamthilia za kuimba za Kikantoni, naye alikuwa safarini huko na kundi lake. Mtoto akiwa bado mchanga alibebwa mbele ya kamera katika filamu ya Golden Gate Girl, iliyotoka 1941. Kisha wazee wake wakarudi naye Hong Kong, na huko ndiko alikokulia. Katika tamthilia za Kichina panga na mikuki huundwa kwa ajili ya kuchezewa, na wachezaji hufunzwa tangu utotoni, hata upanga hupita karibu na shingo ya mtu wala usimguse. Hiyo ndiyo kazi aliyoizaliwa ndani yake. Kabla hajatimiza miaka kumi alikuwa na sehemu kubwa katika filamu ya The Kid ya mwaka 1950, na alipobaleghe akaanza kufunzwa mapigano ya Wing Chun katika shule ya Ip Man.

Mwaka 1959 alipelekwa Marekani. Alisoma katika chuo kikuu huko Seattle, akafungua shule ya mapigano, na mwaka 1964 akamwoa Linda Emery. Walijaaliwa watoto wawili, Brandon mwaka 1965 na Shannon mwaka 1969. Kati ya 1966 na 1967 aliigiza kama Kato katika mchezo wa televisheni uitwao The Green Hornet, lakini Hollywood haikumpa nafasi aliyoitaka.

Katika miaka hiyo alijuana na watu wawili wenye sehemu katika kisa chetu. Wa kwanza ni George Lee, fundi wa vyuma wa California, asiyekuwa na udugu naye ijapokuwa jina ni moja. Bruce Lee alikuwa akichora chombo anachokitaka kwa mazoezi, na George Lee akikiunda. Wa pili ni Dan Inosanto, Mmarekani mwenye asili ya Ufilipino, ambaye ndiye aliyemjulisha nanchaku, silaha ya visiwa vya Okinawa.

Alirudi Hong Kong, na filamu zake zikafuatana kama mawimbi: The Big Boss mwaka 1971, kisha Fist of Fury na The Way of the Dragon mwaka 1972. Katika Fist of Fury ndipo watazamaji walipomwona kwa mara ya kwanza akizungusha nanchaku katika filamu, na tangu siku hiyo vijana wa dunia nzima wakaanza kukata mipini ya mafagio. Jimbo la New York liliipiga marufuku nanchaku mwaka 1974, na marufuku hiyo haikuondolewa na mahakama mpaka 2018. Uingereza nako wakaguzi wa sinema walizikata sehemu za nanchaku katika filamu zake kwa miaka mingi.

Ambalo vijana hawakulijua ni kwamba silaha ya sinema huwa na ndugu zake. Unayoiona mkononi mwa mwigizaji anapopigwa picha ya karibu huwa ya mti mgumu au chuma, iliyokerezwa na kupigwa msasa mpaka ikang'aa. Inayompata adui kichwani ni nyingine, ya mpira au plastiki laini, iliyopakwa rangi ile ile hata jicho lisiweze kutofautisha. Na kwa kuwa mpira mtupu hupinda ovyo hewani, mafundi hutia ndani yake ufito mwembamba, lakini ufito huo huishia kabla ya ncha, ili panapogonga pawe laini.

Wako watu, wengi wao wakiwa na kazi nyingine za kujipatia riziki, ambao starehe yao ni kuziunda upya silaha hizo. Maarufu kwao ni ile nanchaku ya manjano yenye mistari myeusi, iliyolingana na nguo ya manjano aliyoivaa Bruce Lee katika Game of Death. Mtu wa namna hiyo husimamisha picha, akalinganisha urefu wa kijiti na kiganja au mkono wa mwigizaji, na kutokana na hapo akapata vipimo. Kisha humpelekea mkerezaji, au hukereza mwenyewe. Akitaka ya mpira, hufanya kwanza kiolezo cha mti, akakimiminia mpira laini kupata kalibu, na ndani ya kalibu akamimina plastiki ya maji inayoganda. Mnyororo ndio wenye kazi zaidi. Ukiwa mrefu kupita upana wa kiganja, silaha haitawaliki, na kiungo kisipozunguka vizuri huliwa kikakatika, kijiti kikaruka na kumpata aliye karibu. Fundi mwema huanza kwa kuvuta mnyororo kwa nguvu zake zote kabla hajampa mtu achezee.

Bruce Lee mwenyewe aliyajua hayo, na hata hivyo ajali hazikumkosa. Mwaka 1973, walipokuwa wakipiga filamu ya Enter the Dragon, palikuwa na pigano ambalo mwigizaji Bob Wall humjia na chupa zilizovunjwa. Kwa desturi ya sinema, chupa za namna hiyo hufanywa kwa sukari au kwa utomvu unaovunjika bila kukata. Siku ile zilitumika chupa za kweli, na Bruce Lee akakatwa mkono. Katika filamu hiyo hiyo alimpiga usoni kwa fimbo, bila kukusudia, kijana mmoja wa michezo ya hatari. Kijana huyo ni Jackie Chan, ambaye amepata kukisimulia kisa hicho mara nyingi.

Tarehe 20 Julai 1973 Bruce Lee alifariki Hong Kong, akiwa na miaka 32. Alikuwa ameumwa na kichwa, akameza kidonge cha kutuliza maumivu, akalala asiamke. Ubongo wake ulikutwa umevimba, na uchunguzi wa mahakama ukaamua kuwa ni kifo cha bahati mbaya. Enter the Dragon ilitoka Marekani mwezi uliofuata. Alizikwa Seattle, na Brandon alikuwa na miaka minane.

Game of Death, aliyoiacha haijakwisha, ilimaliziwa na wengine kwa kutumia watu wa kumfanana, ikatoka 1978. Katika hadithi waliyoitunga, mwigizaji anapigwa risasi ya kweli mbele ya kamera, iliyotiwa kwa hila katika bunduki ya mchezo. Miaka kumi na mitano baadaye, tarehe 31 Machi 1993, Brandon Lee alikuwa Wilmington, North Carolina, akipiga filamu ya The Crow. Kwa picha ya karibu ya bastola, watu wa kazi walikuwa wamefanya risasi za maonyesho kwa kutoa baruti katika risasi za kweli, lakini kiwashio kikabaki katika kitako. Kiwashio kilipopigwa kilikisukuma kichwa cha risasi kikakwama ndani ya mtutu, wala hapana aliyeuchungulia. Baadaye bastola ile ile ilitiwa risasi za mshindo, zenye baruti bila kichwa, na mwigizaji mwenziwe akamfyatulia kama kazi ilivyotaka. Kilichokwama kikatoka na kumwingia Brandon tumboni. Alifariki siku hiyo, akiwa na miaka 28, na harusi yake ilikuwa imebakia wiki chache.

Watu wakasema ni laana, wengine wakataja majini. Mimi sioni laana. Naona mtutu ambao haukuchunguliwa. Mwaka 2021, huko New Mexico, mpiga picha wa filamu aliuawa kwa bastola ya mchezo iliyokutwa na risasi ya kweli, naye hakuwa wa nyumba ya Lee. Wachezao kirumbizi Lamu wanajua kuwa fimbo ni fimbo, na kwa hivyo kila mmoja ana jicho lake kwa mwenziwe. Hatari kubwa ni ya chombo kinachodhaniwa kuwa si kitu.

Kwa hivyo, kijana anayekereza nanchaku barazani leo, asiachwe kwa kuwa ni mchezo tu. Na auvute mnyororo kwanza. Huko Seattle makaburi ya baba na mwana yako pamoja, na la mwana lingaliweza kungoja miaka mingi lau mtu mmoja angelichungulia mtutu.