A.H.J. Prins na Bahari ya Lamu: Maisha ya Mtaalamu wa Vyombo na Mabaharia

Utangulizi

Wanafunzi wengi wa Kiswahili hukutana na jina la A.H.J. Prins katika tanbihi. Hutajwa pale wasemaji wa Kiswahili wa pwani wanapojadiliwa, kisha husahauliwa. Ni nadra jina lake kusikika katika mjadala unaowagusa watu wa Lamu kwa karibu sana siku hizi, yaani mjadala wa kuikinga bahari yao dhidi ya mafuta na uchafu. Makala haya yanasimulia maisha ya mtaalamu huyo na kushikilia kwamba kazi yake ina nafasi katika mjadala huo. Prins hakuwa mtetezi wa mazingira, wala hakuwa mtaalamu wa viumbe vya baharini. Alichokifanya ni kuonyesha kwamba bahari ya Lamu ni mahali penye kazi, ujuzi, desturi na lugha. Bahari isiyotambuliwa hivyo huwa ni rahisi kuichukulia kuwa eneo tupu lisilo na mwenyewe.

Maisha ya awali

Adriaan Hendrik Johan Prins alizaliwa Uholanzi mwaka 1921. Uholanzi ni nchi ambayo sehemu kubwa ya ardhi yake iko chini ya usawa wa bahari, na historia yake haitenganiki na juhudi za kuyazuia maji. Mwaka 1932, Prins akiwa bado mtoto, serikali ya nchi hiyo ilikamilisha ukuta wa urefu wa kilomita 32 ulioifunga ghuba ya Zuiderzee. Shabaha ilikuwa kuzuia mafuriko na kupata mashamba mapya. Shabaha hiyo ilifikiwa, lakini maji ya chumvi yaligeuka kuwa maji baridi, ghuba ikawa ziwa, na samaki wa bahari waliokuwa wakivuliwa humo kwa karne nyingi wakatoweka. Miji ya wavuvi iliyoizunguka ghuba ikapoteza kazi yake ya asili. Hata hivyo, sheria ya kuwasaidia wavuvi hao ilikuwa imepitishwa tangu mwaka 1925, miaka saba kabla ya ukuta kukamilika. Kwa hiyo Prins alikulia katika taifa lililokuwa likijionea lenyewe kwamba mradi mkubwa wa maendeleo unaweza kuua bahari, na kwamba hasara ya mvuvi inaweza kukadiriwa mapema.

Alipokuwa mtaalamu, Prins alijikita katika elimu ya jamii na utamaduni wa watu, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Groningen hadi kuwa profesa. Utafiti wake wa mwanzo ulihusu Afrika ya Mashariki. Mwaka 1952 alitoa kitabu kuhusu Wapokomo, Wamijikenda na Wataita, na mwaka uliofuata akatoa kingine kuhusu mifumo ya marika. Mwaka 1961 kilitoka kitabu chake kuhusu watu wasemao Kiswahili wa Zanzibar na pwani ya Afrika ya Mashariki. Kitabu hicho kilikuwa rejea ya kawaida kwa wanafunzi wa ustaarabu wa Waswahili kwa muda mrefu. Lakini wakati huo mwandishi wake alikwisha kuvutwa na jambo jingine: alitaka kujua watu wa pwani wanaishije na bahari yenyewe.

Lamu na vyombo vyake

Prins alifanya utafiti Lamu katika miaka ya 1950. Visiwa vya Lamu, yaani Amu, Manda, Pate, Ndau, Kiwayu na vingine vidogo, vimetenganishwa na milango myembamba ya bahari na kuzungukwa na misitu ya mikoko. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko katika eneo hilo. Maisha ya huko yalifuata pepo za kaskazi na kusi, na safari za karibu zilitegemea maji kujaa na kupwa. Nahodha aliyetaka kuingia Siyu, kwa mfano, hakuwa na budi kungoja maji yajae, kwani hori iendayo mjini ni nyembamba na haina kina.

Matokeo ya utafiti huo ni kitabu cha Sailing from Lamu, kilichochapishwa mwaka 1965. Kabla yake, wageni wengi walioandika habari za pwani walizungumzia misikiti, nyumba za mawe, nasaba za watawala na tenzi. Prins aligeuka akaiangalia bandari. Alieleza aina za vyombo, uundaji wake, mabaharia na vyeo vyao, biashara iliyowalisha, na fikra zao kuhusu bahari. Kwake, fundi wa Matondoni aundaye jahazi na baharia alalaye juu ya shehena walistahili kutafitiwa kwa uzito uleule anaopewa mshairi au kadhi. Aidha, alionyesha kwamba ubaharia wa Waswahili ulikuwa mfumo kamili. Mti uliokatwa msituni, kamba iliyosokotwa kwa makumbi, mkopo wa tajiri, ujuzi wa nyota na dua ya kuaga vilishikamana, na kimoja kikikatika vingine vyote vilitetereka.

Chombo kilichomshughulisha maishani mwake ni mtepe. Mbao za mtepe hazikupigwa misumari bali zilishonwa kwa kamba za makumbi, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Visiwa vya Lamu ndivyo vilivyokuwa kitovu cha uundaji wa mitepe, lakini Prins alipofika, chombo hicho kilikuwa kimekwisha kutoweka baharini. Ilimbidi akusanye habari zake kutoka kwa wazee, michoro, picha na vielelezo vilivyohifadhiwa. Aliandika juu ya mtepe mara kadhaa, na mwaka 1986 akatoa kitabu kizima kuhusu vyombo vya kushonwa duniani.

Katika miaka aliyokuwa Lamu, biashara ya boriti ilikuwa bado hai. Majahazi yalipakia boriti za mikoko na kuzipeleka Uarabuni na Ghuba, ambako zilitumika kuezekea nyumba. Msitu na bandari vilikuwa uchumi mmoja. Mwaka 1982 serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi ili kuiokoa mikoko. Hatua hiyo ilikuwa na sababu nzuri, lakini iliwaondolea mabaharia wengi shehena yao kuu. Anayesoma maelezo ya Prins kuhusu biashara hiyo anaelewa kwamba hifadhi nayo ina gharama, na kwamba gharama hiyo humwangukia mtu fulani mwenye jina na watoto wa kulisha.

Mji na utenzi

Mwaka 1971 Prins alitoa kitabu cha pili kuhusu Lamu, Didemic Lamu, kinachochambua mgawanyiko wa mji katika sehemu mbili, Mkomani na Langoni, na tabaka za wakazi wake. Hata humo hakuiacha bahari, kwani aliutazama mji huo kuwa mji wa Kiislamu na wa kibaharia kwa pamoja.

Kwa wanafunzi wa fasihi, mwaka 1979 nao una umuhimu wake. Mwaka huo Kituo cha Taaluma za Afrika cha Leiden kilichapisha Sambo ya Kiwandeo, utenzi wa Ahmed Sheikh Nabhany, ukiwa umehaririwa na Gudrun Miehe na Thilo C. Schadeberg. Neno sambo ni la kale na maana yake ni chombo cha baharini. Kiwandeo ni jina la kisiwa cha Amu. Utenzi huo unaeleza chombo cha Lamu na uundaji wake, na kuhifadhi msamiati ambao haukuwa ukipatikana kwa urahisi katika kamusi. Maneno ya fani hiyo, mathalani mkuku, mataruma, fashini, foromali na demani, hayajifunzwi darasani bali ufukweni. Jambo la kuzingatia hapa ni uhusiano wa kazi za watu wawili, Prins na Nabhany. Prins alikuwa amekwisha kuandika kitabu chake mwenyewe kuhusu vyombo vya Lamu. Miaka 14 baadaye mwana wa Lamu aliieleza fani hiyo kwa lahaja yake na kwa umbo la utenzi. 

Mwaka huohuo wa 1979 serikali ya Kenya ilianzisha Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, kaskazini mwa visiwa hivyo, ili kulinda matumbawe, nyasi za bahari, kasa na nguva. Mambo hayo mawili hayakupangwa pamoja, lakini yanakamilishana: hifadhi ililinda viumbe, utenzi ulilinda maneno na ujuzi. Prins alifariki mwaka 2000. Mwaka uliofuata Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kazi ya Prins na hatari ya leo

Mwezi Machi 2012 ulizinduliwa Lamu mradi wa LAPSSET wa kuiunganisha pwani hiyo na Sudan Kusini na Ethiopia. Mpango wake ulikuwa na bandari yenye gati 32 katika ghuba ya Manda, pamoja na bomba la kuleta mafuta ghafi kutoka bara. Sakafu ya bahari ilichimbuliwa ili meli kubwa zipite, na gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021.

Hatari ya mafuta katika mazingira kama hayo inaeleweka vizuri. Mti wa mchu hutoa mizizi inayosimama wima kutoka matopeni kama vijiti ili ipate hewa. Mafuta yakiifunika mizizi hiyo, mti hukosa pumzi na kufa, na mafuta yaliyozama topeni hubaki humo miaka mingi. Kaa, kamba na vifaranga vya samaki wanaokulia mikokoni hupoteza makao yao. Kenya imekwisha kulionja jambo hilo. Mwaka 1988 tangi la mafuta lilitoboka Mombasa, na mafuta mazito yapatayo tani 5,000 yakaingia katika hori ya Makupa na kuua mikoko. Nako Mauritius, mwaka 2020, meli ya Wakashio ilikwama kwenye matumbawe na kumwaga mafuta yapatayo tani 1,000. Tani hizo ni sehemu ndogo mno ya shehena ya meli kubwa ya mafuta, lakini zilitosha kuwatia wavuvi wa huko katika dhiki. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu.

Vyombo alivyovieleza Prins navyo vilitumia mafuta, lakini yalikuwa ya namna nyingine. Mbao zilipakwa sifa itokanayo na papa, na chini ya chombo kukapakwa deheni ya shahamu na chokaa. Hii haina maana kwamba watu wa kale hawakuidhuru bahari, kwani kasa na nguva waliwindwa sana. Tofauti ni kwamba aliyeidhuru bahari ndiye aliyeitegemea, na madhara yakizidi yalimrudia mwenyewe. Mwenye meli ya mafuta anaweza kuondoka.

Hoja hiyo ndiyo iliyofika mahakamani. Wavuvi na wakazi wa Lamu waliushtaki mradi wa bandari, na Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba haki zao za mazingira safi, za utamaduni na za kupewa habari zilikiukwa. Iliamriwa kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mwaka 2019, Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira lilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa kujengwa Lamu. Katika kesi ya bandari, uvuvi wa asili ulitambuliwa kuwa sehemu ya utamaduni wenye ulinzi wa sheria. Prins alikuwa ameeleza jambo hilo kwa lugha ya utafiti nusu karne kabla. Ikilinganishwa na wavuvi wa Zuiderzee, waliotungiwa sheria kabla ya ukuta kukamilika, tofauti ni kubwa: wavuvi wa Lamu walilazimika kuidai haki yao mradi ukiwa umekwisha kuanza.

Mipaka ya kazi yake

Haitakuwa haki kumsifu Prins bila kueleza upungufu wake. Vitabu vyake vikuu viliandikwa kwa Kiingereza, na ni vigumu kuvipata hata Lamu kwenyewe. Macho yake yalielekea zaidi kwenye chombo na mabaharia kuliko kwenye maji na viumbe vyake, na zaidi kwa wanaume wa melini kuliko wanawake waokotao pwezi na chaza maji yanapokupwa. Kwa hiyo kazi yake haiwezi kutumiwa kama orodha ya viumbe vilivyokuwepo. Pengo hilo linawasubiri watafiti wa Kiswahili, kwani majina ya samaki, miamba, mikondo na misimu katika Kiamu, Kipate na Kitikuu bado yamo vinywani mwa wavuvi wazee.

Hitimisho

Maisha ya Prins yanafundisha kwamba kuihifadhi bahari huanza kwa kuwatambua watu wake na maneno yao. Mtepe ulitoweka kabla haujaelezwa kikamilifu, naye alitumia miaka mingi kukusanya mabaki ya habari zake. Mikoko, nyasi za bahari na kasa wa Lamu bado wapo. Iwapo mafuta yatayaua makao hayo, maneno kama mchu na hori yatabaki kamusini, na mtafiti atakayekuja atalazimika kuwauliza wazee juu ya bahari kama Prins alivyowauliza juu ya mtepe. Ni wajibu wa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kwenda ufukweni mapema, kuandika kwa Kiswahili, na kuhakikisha kwamba yaliyoandikwa yanawafikia wavuvi na wale wanaotoa leseni.