James Joule na Yuniti Zilizokwisha



Likizo iliyopita tulipokuwa nyumbani Buganguzi, mzee mmoja jirani alituuliza swali tukashindwa kulijibu. Alikuwa amenunua umeme wa LUKU, yuniti zikaisha, na sasa alitaka kujua zimekwenda wapi. Maharage yakiisha ghalani, yameliwa. Fedha ikitoka mfukoni mwake, imo mfukoni mwa mwenye duka. Yuniti je? Sisi tuliokuwa tumetoka kusoma habari za mabadiliko kwa Aristoteli muhula mzima tulibaki kutazamana. Tuliporudi seminarini tuliingia maktaba kutafuta jibu, tukakutana na maisha ya mtu ambaye jina lake tulilikariri sekondari kama kipimo tu, bila kufikiri kwamba aliwahi kuzaliwa na kuzikwa.

James Prescott Joule alizaliwa tarehe 24 Desemba 1818, mkesha wa Noeli, huko Salford karibu na Manchester, Uingereza. Baba yake alikuwa tajiri mwenye kiwanda cha bia. Mtoto alikuwa na uti wa mgongo dhaifu, kwa hiyo alisomeshwa nyumbani. Mwaka 1834 yeye na kaka yake walipelekwa kwa John Dalton, yule wa nadharia ya atomu, aliyewafundisha hesabu mpaka alipopatwa na kiharusi mwaka 1837. Joule hakusoma chuo kikuu, wala hakuwahi kuwa profesa popote.

Alichokuwa nacho ni kiwanda cha bia. Wasomaji wetu wa Kagera wanaijua rubisi: ndizi zikishakanyagwa, mtama ukatiwa, chombo kikafunikwa kwa majani ya mgomba, mchemko wenyewe huleta joto, na mtengenezaji mzoefu hulisikia kwa mkono. Kiwandani kwa akina Joule mkono haukutosha. Joto likizidi kidogo, pombe nyingi inaharibika. Kijana huyo akakulia kazi ya kusoma kipimajoto kwa uangalifu ambao wasomi wengi wa wakati wake hawakuwa nao.

Utafiti wake ulianza na jambo la biashara. Alitaka kujua kama mota za umeme zingeweza kuchukua nafasi ya injini za mvuke. Akapiga hesabu, akaona zinki ya betri ni ghali mno ikilinganishwa na makaa ya mawe. Lakini njiani aliona kwamba waya unaopitisha umeme hupata joto kwa kanuni isiyobadilika. Swali likamganda: joto hilo linatoka wapi?

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu lugha yetu inatuchanganya. Tunasema injini ina nguvu, umeme hauna nguvu, kijana ana nguvu, na kila mara tunamaanisha kitu tofauti. Tusijilaumu sana, Waingereza na Wajerumani wa wakati wa Joule nao walitumia neno moja kwa mambo hayo yote. Leo vitabu vya fizikia vinatenganisha. Kani ni msukumo au mvuto, hupimwa kwa nyutoni, na mizani ya springi ya kuning'iniza ndicho chombo chake: inachosoma hasa ni mvuto wa dunia juu ya gunia la kahawa, ingawa uso wake umeandikwa kilo. Nishati ni uwezo wa kufanya kazi, hupimwa kwa jouli, na mita ya LUKU ni chombo chake. Halafu ipo nguvu ya kuzungusha, anayoijua fundi anayefungua nati ya gurudumu: mpini wa spana ukiwa mrefu, nati inalegea kwa msukumo mdogo. Hiyo hupimwa kwa nyutoni mara mita. Jouli nayo ni nyutoni mara mita, lakini hatuziiti kwa jina moja. Fundi akining'inia kwenye spana na nati ikagoma, nguvu ya kuzungusha ipo, ila kazi iliyofanyika kwenye nati ni sifuri, hata kama jasho linamtoka.

Wengi wakati huo waliamini kwamba joto ni kimiminika kisichoonekana, kinachohama kutoka kitu hadi kitu bila kuongezeka. Joule alifikiri vingine: kwamba kazi yenyewe hugeuka kuwa joto, tena kwa kiwango kilekile daima. Mwaka 1843 alilieleza hilo kwenye mkutano wa wanasayansi mjini Cork, Ireland. Walinyamaza.

Aliamini pia kwamba nguvu ambazo Muumba ameziweka katika maumbile, binadamu hana uwezo wa kuziangamiza. Sisi wa falsafa tunaipenda hoja hiyo, na wengi wetu tungeishia hapo. Yeye hakuishia hapo. Aliichukua imani hiyo kama sababu ya kuanza kupima.

Chombo chake maarufu kilikuwa hivi. Ndani ya pipa la maji kulikuwa na mapanga ya shaba yanayozunguka. Kamba zilipita kwenye makapi, na mwishoni zilining'inia risasi mbili, kila moja takriban kilo 13. Risasi zikishuka kama mita 1.6, mapanga yanayavuruga maji. Zinapandishwa tena, zinashuka tena, mara 20. Baada ya jasho lote hilo maji yaliongezeka joto kwa kiasi kisichofika digrii 1 ya Fahrenheit, zaidi ya nusu kidogo tu. Ndiyo maana walimdharau: nani ataamini sheria ya ulimwengu kwa tofauti ndogo hivyo? Lakini vipimajoto vyake, vilivyotengenezwa na fundi John Benjamin Dancer wa Manchester, viliweza kusomwa hadi sehemu ya 200 ya digrii, na macho yake yalikuwa ya mtu wa kiwanda cha bia.

Mwaka 1847 alitoa mhadhara katika chumba cha kusomea cha kanisa la Mt. Anna, Manchester, ukachapwa na gazeti ambalo kaka yake aliliandikia habari za muziki. Juni mwaka huo, mjini Oxford, aliambiwa afupishe maelezo yake. Safari hii alikuwapo kijana William Thomson, baadaye Lord Kelvin, ambaye hakukubali mara moja lakini hakuweza kuliacha jambo hilo. Miezi michache baadaye, akitembea katika milima ya Alpi, alikutana na Joule aliyekuwa fungate na mkewe Amelia. Thomson alisimulia kwamba bwana harusi alikuwa na kipimajoto mkononi, akitaka kupima kama maji ya maporomoko yana joto zaidi chini kuliko juu. Wanahistoria wengine wanalitilia shaka simulizi hili, lakini hesabu yake ni sahihi: maji yakianguka mita 427 hupata joto la digrii 1 ya Selsiasi.

Amelia alifariki mwaka 1854, akaacha watoto wawili wadogo. Kiwanda kikauzwa. Joule aliendelea kupima. Mwaka 1850 alikuwa amepata 772, yaani pauni-futi zinazohitajika kupasha pauni moja ya maji digrii moja ya Fahrenheit. Mwaka 1878, akiwa na miaka karibu 60, alirudia akapata 772.55. Vipimo vya leo vinatofautiana naye kwa chini ya asilimia 1. Mkutano wa Paris wa mwaka 1889 ulikubali jina lake kuwa kipimo, wiki chache kabla hajafariki tarehe 11 Oktoba. Amezikwa Sale, karibu na Manchester, na juu ya jiwe la kaburi lake wamechonga namba hiyo: 772.55.

Tulirudi kwa mzee na jibu. Tulimwambia yuniti moja ni jouli 3,600,000, sawa na kuinua ndoo ya lita 20 mita moja zaidi ya mara 18,000. Hazikupotea, zimegeuka joto, zimo katika kuta, hewani na kwenye mawe ya uani. Alifikiri kidogo, akauliza kwa nini basi asizikusanye azitumie tena.

Swali hilohilo lilimsumbua Thomson kwa miaka, baada ya Oxford.