Sultani Qalawun na Nadhiri ya Hospitali



Ndugu msomaji, kabla hatujafika Misri naomba nianze nyumbani. Nyanya yangu aliwahi kulazwa katika wodi ya wagonjwa mahututi, ile tunayoiita ICU, kwenye hospitali moja pande zetu hizi. Mchana alikuwa kimya tu. Usiku ukiingia anaweweseka: anaita watu waliokufa zamani, anavuta mipira ya dripu, ananitazama mimi mjukuu wake na kuniita mwizi. Jamaa waliotoka Ruiru wakasema ni jini. Wa Thika wakasema atolewe haraka akasomewe. Ilibaki kidogo tu tumtoe kwenye oksijeni kwa mikono yetu wenyewe!

Muuguzi mmoja ndiye aliyetuzuia. Akatueleza kuwa mwili ukizidiwa na maradhi, akili nayo huyumba, na kwamba sisi jamaa tuna kazi ya kufanya pale kitandani. Maneno yale yalinifanya nitafute, je, waliotutangulia walilijua jambo hili? Ndipo nikakutana na Sultani Qalawun.

Al-Mansur Qalawun alizaliwa kwenye karne ya 13 katika nyika za Wakipchak, kaskazini mwa Bahari Nyeusi. Akauzwa utumwani akiwa kijana, tena kwa bei kubwa ya dinari 1,000. Ndio maana akaitwa al-Alfi, yaani wa elfu. Akafunzwa farasi na upanga katika jeshi la Mamluki, akapanda cheo mpaka akawa amiri mkubwa zama za Sultani Baybars.

Sasa sikiliza kilichomgeuza. Mwaka 1276 hivi, akiwa katika safari ya vita, alishikwa na msokoto mkali wa tumbo mjini Damascus. Dawa zake zikatoka katika hospitali ya Nur al-Din, iliyojengwa mwaka 1154. Alipopata nafuu alipanda farasi akaenda kuiona mwenyewe. Akastaajabu, akaweka nadhiri kwamba Allah akimpa utawala, naye atajenga ya kwake.

Utawala akaupata mwaka 1279. Mwaka 1281 akawashinda Wamongolia huko Homs, na nadhiri hakuisahau. Mwaka 1284 kazi ikaanza Cairo, mahali palipokuwa na kasri la zamani la Wafatimi, na haukupita mwaka ikawa imekwisha. Lakini tusifiche, msomaji: haraka ile ilikuwa na dhulma ndani yake. Msimamizi wa ujenzi aliwalazimisha hata wapita njia kubeba mawe, na wapo wanazuoni waliosita kuswali katika majengo yale. Nia njema haifuti jasho la mtu aliyeonewa.

Hospitali yenyewe ilikuwa ya ajabu. Waqfu wake uliifungua kwa wote: tajiri na maskini, mume na mke, mwenyeji na mgeni. Wenye homa walikuwa na mahali pao, wa macho pao, wa majeraha pao. Maji yalitiririka ndani ya kumbi. Wagonjwa waliwekewa vipepeo vya makuti wakati wa joto, na kila mmoja alikuwa na chombo chake cha chakula. Waandishi wa baadaye wamesimulia kwamba waliokosa usingizi walitengwa na kelele, wakaletewa wasimulizi wa hadithi na sauti tamu za kuwaliwaza, na kwamba waadhini waliinua sauti mapema kabla ya alfajiri ili usiku usiwe mrefu kwao. Ibn Battuta aliiona mwaka 1326 akaisifu sana, na ndiye huyo huyo aliyefika Mombasa yetu mwaka 1331.

Qalawun alifariki mwaka 1290 akiwa ndiyo kwanza anaanza safari ya kwenda kuiteka Akka. Kaburi lake liko Cairo hadi leo, ubavuni mwa nadhiri yake.

Kwani hayo yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Mwaka 2018 madaktari wa Marekani walitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa zaidi ya 500 wa ICU waliochanganyikiwa. Dawa mbili za kutuliza akili hazikufupisha hali ile kuliko dawa bandia. Mwaka huo huo mwongozo wa wataalamu wa ICU ukashauri mambo ambayo si ya vidonge: usingizi, mwanga, miwani, kutembezwa na kuzungumzishwa. Daktari bado ana kazi ya kutafuta chanzo, kama maambukizi au upungufu wa oksijeni, na dawa nyingine alizopewa mgonjwa zisikatizwe bila idhini yake.

Basi ukiwa na mgonjwa huko, kwanza uliza wauguzi kinachoruhusiwa. Kisha:

1. Jitambulishe kwa jina, mwambie ni siku gani na yuko wapi. Rudia bila kuchoka, wala usibishane naye.
2. Mpelekee miwani yake na kifaa chake cha kusikia. Asiyeona na asiyesikia hupotea upesi.
3. Mchana pazia lifunguliwe. Usiku taa na kelele zipunguzwe, na simu yako pia uizime.
4. Wauguzi wakikubali, msaidieni aketi au anyooshe viungo.
5. Kama anapenda Qur'an, msomee kwa sauti ya chini umeketi pale pale. Dua haihitaji kumtoa kwenye mashine.

Sisi tuligawana zamu. Mjomba wa Ruiru aliketi naye asubuhi, mimi nikapanda matatu kutoka Thika nikaingia saa za jioni, na miwani yake iliyosahaulika kabatini ikarudi machoni. Siku ya nne akaniita kwa jina langu. Leo yuko nyumbani, alhamdulillah, na hakumbuki kwamba aliwahi kuniita mwizi.

Ramadhan hii, baada ya futari, kabla hujamhukumu mgonjwa anayeweweseka, mshike mkono. Huenda anasubiri sauti moja tu anayoijua.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Kareem.