Michael Faraday: Mtoto wa mhunzi aliyewasha taa za gari la mboga

KWA mkulima wa kabichi, karoti au njegere wa Mgeta, wilayani Mvomero, mazao si fedha mpaka yafike sokoni. Barabara inayoshuka kutoka Nyandira na Langali kwenda Mlali, kisha Morogoro mjini, ina kona nyingi na miteremko mikali. Taa za gari zikianza kufifia usiku katika njia kama hiyo, mzigo na abiria wote huwa hatarini.

Katika Land Rover za miaka ya 1950 na 1960, kazi ya kulisha taa na kuchaji betri ilifanywa na dainamo, kabla ya alteneta kuchukua nafasi yake. Mwenye gari la aina hiyo akiona chaji imekatika, mara nyingi hukimbilia kununua betri mpya. Baada ya siku chache nayo huisha, na fedha iliyokuwa ya mbolea imekwenda bure. Njia ya kuepuka hasara hiyo iko katika kanuni iliyogunduliwa mwaka 1831 na Mwingereza Michael Faraday, mtu ambaye shule aliisoma kidogo sana.

Faraday alizaliwa Septemba 22, 1791, Newington, eneo ambalo leo ni sehemu ya jiji la London. Baba yake alikuwa mhunzi mwenye afya dhaifu, na chakula nyumbani kilikuwa cha kubahatisha. Shuleni alijifunza kusoma, kuandika na hesabu kidogo tu. Akiwa na umri wa miaka 14 aliingia katika duka la George Riebau kujifunza ufundi wa kujalidi vitabu, kazi iliyomchukua miaka saba. Mchana alishona vitabu vya watu wengine, na muda wa kazi ulipokwisha alivisoma. Vijisenti alivyopata alinunulia vifaa vya kufanyia majaribio madogo ya umeme.

Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka alimpa tiketi za kuhudhuria mihadhara ya mkemia maarufu Humphry Davy, katika taasisi ya Royal Institution. Faraday aliandika kila alichosikia, akachora michoro, akajalidi maandishi hayo kwa mkono wake na kumpelekea Davy pamoja na ombi la kazi. Machi 1813 aliajiriwa kuwa msaidizi wa maabara. Baadaye mwaka huo alisafiri na Davy katika nchi za Ulaya, ambako mke wa Davy alimfanya kama mtumishi wa nyumbani. Alivumilia, kwa sababu safari hiyo ilimkutanisha na wanasayansi wakubwa wa wakati ule.

Mwaka 1820 ilikuwa imegunduliwa kwamba umeme ukipita katika waya hutikisa sindano ya dira, yaani umeme huzaa sumaku. Faraday alijiuliza kama sumaku nayo inaweza kuzaa umeme. Alijaribu mara kadhaa kwa miaka 10 bila mafanikio. Agosti 29, 1831, alizungushia nyaya mbili kwenye pete ya chuma, moja kila upande, bila nyaya hizo kugusana. Alipounganisha waya wa kwanza na betri, sindano iliyokuwa karibu na waya wa pili ilishtuka, kisha ikatulia. Alipochomoa betri, ilishtuka tena.

Hapo ndipo alipotambua walichokosa wenzake. Sumaku iliyotulia haitoi kitu. Umeme huzaliwa sumaku inapobadilika, au waya unapopita mbele yake. Oktoba 28 mwaka huohuo alizungusha sahani ya shaba kati ya ncha za sumaku kubwa, na umeme ukatoka mfululizo. Hiyo ndiyo babu wa dainamo zote.

Kwa hiyo dainamo inahitaji mambo matatu: mwendo, waya wa shaba na sumaku. Fundi anayetafuta ubovu huyafuata hayo kwa zamu.

Mwendo huletwa na mkanda wa feni. Ukilegea au ukilowa mafuta huteleza, na dainamo haizunguki ipasavyo. Kuukaza hakugharimu kitu. Pia ieleweke kwamba dainamo huchaji kidogo sana injini ikiwa katika sailensa, hivyo gari linalopakia mzigo usiku huku taa zikiwaka linakula betri yake.

Kupima dainamo za Kiingereza za magari hayo si kazi kubwa. Nyaya zake mbili huchomolewa, vichwa viwili vya dainamo huunganishwa kwa kipande cha waya, na mita ya volti huwekwa kati ya hapo na bodi ya gari. Injini huongezwa mwendo taratibu. Volti zikipanda haraka na kupita 12, dainamo ni nzima, na ubovu uko kwenye nyaya au kata auti. Injini ipunguzwe mara moja, volti zisifike 20. Mita isiposogea kabisa, kaboni zimekwisha au sehemu ya shaba zinapogusa imechafuka. Ikiishia kwenye volti moja hivi, waya wa koili zinazotengeneza sumaku huenda umekatika.

Gari lililokaa muda mrefu bila kutumika huweza pia kupoteza sumaku kidogo inayobaki ndani ya chuma cha dainamo. Huamshwa kwa kugusisha kwa sekunde moja waya kutoka upande wa betri usiofungwa kwenye bodi hadi kichwa kidogo cha dainamo, nyaya zake zikiwa bado zimechomolewa. Magari mengi ya Uingereza ya zama hizo yalifungwa chanya ya betri kwenye bodi, hivyo hilo lihakikishwe kwanza.

Betri nayo ina deni kwa Faraday. Kati ya 1832 na 1834 alionyesha kwamba mabadiliko ya kikemikali hulingana na kiasi cha umeme kilichopita. Ndiyo maana betri iliyokwisha haiwezi kujaa kwa safari fupi. Lazima irudishiwe ilichotoa.

Faraday hakujitafutia utajiri kwa ugunduzi wake. Alikuwa muumini wa dhehebu dogo la Kikristo lililohimiza maisha ya kiasi, na alipunguza kazi za viwandani zilizomlipa vizuri ili abaki na utafiti. Alikataa cheo cha Sir, na mara mbili alikataa kuwa rais wa Royal Society. Aliwahi pia kuwa mshauri wa mamlaka ya minara ya taa za baharini, na mwaka 1858 alishuhudia mnara wa South Foreland ukiwashwa kwa umeme wa mashine iliyofuata kanuni yake.

Alifariki Agosti 25, 1867. Mwaka huohuo wahandisi, akiwamo Werner von Siemens wa Ujerumani, walitangaza dainamo inayojitengenezea sumaku yake yenyewe, aina ambayo baadaye ilifungwa kwenye magari. Mashine za bwawa la Kidatu, mkoani Morogoro, zenye uwezo wa megawati 204, nazo huzalisha umeme kwa kanuni hiyohiyo ya 1831.

Katika daftari zake aliacha aya zaidi ya 16,000 alizozipa namba, zikiwamo za majaribio yaliyoshindwa. Hakuwa mjuzi wa hesabu za juu. Alipima, akaandika, akapima tena. Mwenye gari la mboga anayekaza mkanda na kushika mita kabla ya kufungua pochi anafuata njia hiyohiyo, na huenda akaikuta betri yake ya zamani bado ni nzima.