Shekhar Mehta na ukweli ulioandikwa kwenye chuma

Wanachuo wenzangu, ukitaja Safari Rally, wengi wetu tunawaza vumbi, tope na mwendo. Mimi nikisoma habari za Shekhar Mehta nakutana zaidi na karatasi. Huyu bwana alishinda Safari mara tano: 1973, halafu 1979, 1980, 1981 na 1982 bila kukatiza. Leo kuna watu duniani wanatoa fedha nyingi kununua magari ya mbio ya zama zake, na swali lao la kwanza ni moja tu: hili gari ndilo lenyewe, au limefananishwa? Maisha ya Mehta yanatufundisha namna ya kulijibu.

Alizaliwa Kampala mwaka 1945, katika familia ya Wahindi wenye mashamba. Akiwa na miaka 21 akaanza mashindano na BMW. Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Watu wakapanga foleni kuhakikiwa uraia, na wapo waliozaliwa palepale ila karatasi zao zikakataliwa, wakahesabiwa wageni. Mehta akahamia Kenya. Hebu fikiria: nchi uliyozaliwa inakwambia wewe si wake, na hoja inayotumika ni kipande cha karatasi.

Mwaka uliofuata karatasi zikamwinua. Safari ya 1973, iliyokuwemo katika msimu wa kwanza kabisa wa ubingwa wa dunia wa rali, ilimalizika kwa sare. Mehta na msoma ramani wake Lofty Drews, ndani ya Datsun 240Z, walikuwa na pointi za adhabu sawasawa na Msweden Harry Källström, naye akiwa kwenye Datsun. Mshindi apatikaneje? Zikafunguliwa kumbukumbu za vituo vya muda, kikaangaliwa nani alikwenda mbali zaidi tangu mwanzo bila kupata adhabu. Ni Mehta. Karani wa kituo aliyeandika dakika vizuri, usiku, porini, huyo ndiye aliyefanya ushindi ule uthibitike. Angeandika ovyo, tungekuwa tunabishana mpaka leo.

Gari lile lipo Japani. Nissan wanalitunza, na majeraha ya safari hayakunyooshwa. Mtu asiyejua atasema ni uzembe, bodi ingepigwa rangi ing'ae. Kumbe lile bonde kwenye bati ni ushahidi. Unachukua picha iliyopigwa siku ile, unalinganisha kovu kwa kovu. Fundi akishanyoosha bodi, shahidi mmoja amenyamazishwa.

Ila kovu peke yake halitoshi, maana hata kovu linaweza kugongwa kwa nyundo. Kwenye 240Z, namba ya chesisi imechongwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria, na ndani ya boneti kuna kibati chenye namba ya chesisi pamoja na ya injini. Namba za magari yenye usukani kulia zilianza na HS30, za usukani kushoto HLS30. Mtu akikuletea HLS30 yenye usukani kulia, usimwite mwizi, ila muulize: usukani ulihamishwa lini, na nani? Kisha unatazama kama namba imechongwa upya, kama kibati kimebanduliwa, kama kadi ya gari inakubaliana na vyote viwili. Majina nayo yanachanganya. Magari aliyoshindia kuanzia 1979 utayakuta mahali pengine yameandikwa Datsun 160J, mahali pengine Violet. Ni gari la aina moja, lilipewa majina tofauti kulingana na soko. Asiyejua hilo anaweza kulikataa gari la kweli au kulikubali la uongo.

Sasa, kwetu Sanje, njia ya Kidatu kwenda Ifakara, jambo hili si geni kama linavyoonekana. Nimekulia kwenye Land Rover zenye bodi ya moja, gia boksi ya nyingine, injini ya kampuni tofauti kabisa, na zinabeba mpunga vizuri tu. Hakuna dhambi hapo. Gari la kazi linatakiwa litembee. Hata katika mashindano ya magari ya kale, kama East African Safari Classic yaliyoanza 2003, magari yaliyojengwa upya yanaruhusiwa. FIA hutoa hati ya kiufundi kwa magari ya kihistoria, lakini hati ile inasema gari limejengwa kwa vipimo vya enzi yake. Haisemi kwamba ndilo lililoendeshwa na bingwa fulani. Nakala ikiitwa nakala, inaheshimika. Utapeli unaanza pale muuzaji anapoacha neno moja lisisemwe.

Mehta aliendelea kushindana, mara nyingi mkewe Yvonne akimsomea ramani, mpaka ajali mbaya ya mwaka 1987 katika mashindano ya Mafarao kule Misri ilipomwondoa kwenye usukani. Baadaye aliongoza kamisheni ya rali ya FIA, yaani akageuka kuwa mtu wa kanuni na kumbukumbu. Alifariki London Aprili 2006.

Gari lake limehifadhiwa mbali, ila barabara alizopita ni za huku. Mabonde yetu yana magari mengi ya kale yanayosubiri kukatwa yauzwe kama vyuma chakavu, na yakikatwa, namba zinakwenda na chuma. Wewe unayerudi likizo una simu yenye kamera. Piga picha kibati, piga picha namba ya chesisi, muulize mzee mwenye gari alilinunua kwa nani, mwaka gani, kilibadilishwa nini. Andika na tarehe. Mzee akishaondoka na gari likishayeyushwa, kila mtu atakuwa na hadithi yake, na hatutakuwa na namna ya kujua ipi ni kweli.